Mume Aliyekufa kwa Hukumu

Dunda, Bagamoyo
Ijumaa jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka salama, mguu umepungua kuvimba, na ile dawa ya presha unaimeza hata siku unazojisikia mzima. Mimi sijambo. Malaria imeniacha juzi juzi, umebaki uchovu na mdomo mchungu tu. Naandika kwa sababu uliniambia kwamba maneno ya simu yanakupotea ukishakata, lakini barua unavaa miwani na kuirudia. Tena uliniuliza jambo nikakujibu ovyo: "Hivi Zaituni, huko kwa wakili unafanya kazi gani hasa?" Nikasema nasoma vitabu. Ukasema haya, nikajua hukuridhika.

Huku joto halijapungua. Maji ya kisima tunachotumia yana chumvi, na chai ninayoinywa asubuhi ungeimwaga. Majirani ni watu wema, salamu zao ndefu kama za kwetu, na wakisikia natoka Ujiji wanacheka, wananiuliza kama nimekuja kwa miguu kama watu wa misafara ya zamani. Mchana nacheka nao. Jioni nikishafunga mlango, nyumba ya kwetu inanijia yote, na mahali alipokuwa anakaa baba panakuwa wazi tena kama siku ile ya msiba.

Sasa nikueleze kazi. Wakili Kibwana, bosi wangu, ni mtu mzima, mwenyeji wa hapa hapa, na ofisi yake ni vyumba viwili na kabati la vitabu lililoliwa na mchwa upande mmoja. Yeye ndiye anayesimama mahakamani. Mimi bado sijaapishwa, kwa hiyo namtafutia. Mteja akileta shauri, mimi natafuta sheria inasemaje. Unaweza kudhani kwamba mtu anafungua kitabu cha sheria na kusoma, basi. Lakini sheria ni nyingi mno, na hukumu za majaji ni nyingi zaidi, na usipojua unatafuta neno gani unaweza kuzunguka wiki nzima. Kwa hiyo Wakili Kibwana alinifundisha nianze na vitabu vya watu walioandika juu ya sheria: walimu wa vyuo, majaji waliostaafu, watu walioketi wakaipanga na kuieleza. Vitabu hivyo si sheria yenyewe, na hakimu hafungwi navyo. Vinakwambia tu sheria iko wapi, kifungu gani, hukumu ipi. Chini ya kurasa kuna tanbihi, maandishi madogo yanayotaja mwandishi alikoyatoa maneno yake. Ukishaziona hizo, unakiweka kitabu chini na kwenda kusoma hukumu kwa macho yako mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi yangu mama. Na kwa miezi hii yote nimekuwa nikiifanya kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Fukayosi anayeitwa Bi. Mwanaidi. Shauri lake limeniingia mwilini, ndiyo maana sauti yangu kwenye simu uliiona imepoa.

Alikuja ofisini asubuhi moja na wito wa mahakama ameufunga kwenye pindo la kanga. Ni mama wa makamo, mwembamba, mkulima wa mihogo na mananasi. Alitusalimia mmoja mmoja, akatuuliza habari za nyumbani kwetu, hata zangu mimi ambaye hanijui, ndipo akasema kilichomleta.

"Shemeji yangu anataka mume wangu afe."

Wakili Kibwana akamuuliza, "Mumeo anaumwa?"

"Sijui kama anaumwa. Sijui alipo. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mume wake, Athumani, alikwenda Msumbiji kupasua mbao. Huu ni mwaka wa nane. Hakuna aliyemwona wala kupata habari zake. Shamba la mikorosho alilowaachia baba yao bado liko kwa jina la Athumani peke yake, kwa sababu ndiye mkubwa. Mdogo wake, Shomari, alikuwa ameomba mahakama imhesabu Athumani kuwa amekufa, ili shamba ligawanywe. Bi. Mwanaidi alikuwa anaitwa kujibu.

Mama, usimchukie Shomari. Na mimi nilianza kwa kumchukia. Ni mgonjwa wa figo, anapelekwa hospitali Dar kila mara, na ana watoto sita ambao anataka wajue sehemu yao kabla hajaondoka. Bi. Mwanaidi mwenyewe hakumsema vibaya hata siku moja. Alisema tu, "Yeye amechoka kungoja. Mimi sijachoka. Na mimi nikikubali kwamba kafa, nani atabaki anamngoja?"

Shauri la mtu aliyepotea sikuwahi kulishughulikia. Nikaanza na kitabu cha ufafanuzi wa sheria ya ushahidi, kinene, ambacho Wakili Kibwana anakifunika kwa mfuko wa nailoni. Kikanipa jina la kitu chenyewe: dhana ya kifo. Kikanielekeza kwenye kifungu, na kifungu hakikuwa upande wetu. Kinasema kwa maneno mengi kwamba mtu akipita miaka iliyowekwa bila kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangemsikia, basi anayedai yu hai ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Miaka hiyo Athumani alikuwa ameshaipita zamani. Nikasoma makala, nikasoma kitabu cha pili, nikasoma notisi za mwalimu wangu nilizozihifadhi. Wote walisema lile lile.

Kisha nikapata kitu. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na kitabu cha mirathi kisicho na jalada, na ndani yake mwandishi alikuwa ameandika kwamba jaji mmoja alishasema hivi: ndugu waliokaa nyumbani bila kumtafuta mtu wao hawawezi kuja mahakamani kuomba ahesabiwe amekufa. Nikayasoma maneno hayo mara tatu. Shomari hakuwahi kumtafuta kaka yake kupita Mtwara. Mwenyewe alikiri hivyo kwenye kiapo chake.

Nilikwenda na kitabu mkononi mpaka kwenye meza ya Wakili Kibwana. Akasoma, akavua miwani.

"Kimechapwa mwaka gani?"

"Ukurasa wa mwanzo haupo."

"Na hukumu yenyewe umeisoma?"

"Bado."

"Basi bado hatuna kitu. Na usimwambie yule mama."

Sikumwambia, mama, ingawa alikuja kesho yake na kunitazama usoni kama mtu anayetazama mawingu. Hukumu hiyo ni ya zamani, kwenye intaneti haimo. Ikabidi niende Dar kwenye maktaba moja ya sheria. Mtunza maktaba alinitafutia kwa muda mrefu, akaniletea juzuu la hukumu lenye vumbi, nikalifungua palepale kaunta nikiwa nimesimama.

Maneno yalikuwepo. Neno kwa neno, kama yalivyoandikwa kitabuni. Nilifurahi mpaka macho yakaloa. Nikaanza kuyanakili, na nilipofika chini nikafungua ukurasa wa pili ili nimalizie sentensi. Hapo ndipo nikaona. Maneno yale hayakuwa ya jaji. Jaji alikuwa anaeleza hoja ya wakili wa upande mmoja, kama ilivyo desturi yao, kabla ya kuijibu. Na jibu lake lilikuwa kwenye huo ukurasa wa pili: hoja hii siikubali. Yule mwandishi wa kitabu alichukua maneno ya wakili aliyeshindwa akayafanya kuwa ya jaji. Labda hakufungua ukurasa. Labda aliyemnakilia hakufungua. Sitajua.

Nikakaa kwenye kiti cha maktaba. Watu walikuwa wanasoma, feni inazunguka, na mimi nafikiria mama mmoja wa Fukayosi ambaye hakuwahi kujua kwamba kwa siku chache alikuwa ameshinda. Nikampigia Wakili Kibwana nikamweleza. 

"Rudi tu nyumbani," alisema. "Ungeileta hivyo hivyo, wakili wao angefungua huo ukurasa mbele ya hakimu, na mimi ningekuwa nimesimama."

Tulibaki na kitu kimoja, ushahidi wa Bi. Mwanaidi mwenyewe. Siku mbili kabla ya kesi alikuja ofisini tumwandae. Wakili Kibwana alimweleza sheria kwa Kiswahili cha kawaida, bila kumficha lolote. Kwamba hakimu atataka kujua jambo moja, kama kuna mtu aliyepaswa kumsikia Athumani na kweli akamsikia. Na kwamba mke ndiye wa kwanza katika watu hao.

Bi. Mwanaidi alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo mimi nikisema nimemsikia, kesi imekwisha?"

"Ukisema umemsikia, na hakimu akakuamini, ombi lao linaanguka."

Nje kulikuwa na bodaboda mbili zinagombea abiria.

"Mimi sikwambii useme nini, mama," alisema Wakili Kibwana. "Nakwambia watakachokuuliza."

"Nimeelewa, baba."

Aliomba maji, akanywa, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nitakwambia kweli, mama, moyoni nilitaka aseme amemsikia. Ni yeye peke yake anayejua kama simu yake iliwahi kulia usiku. Nani angempinga?

Siku ya kesi Shomari alikuwa ameshafika, anatembelea fimbo, uso umevimba. Alipomwona mke wa kaka yake akajaribu kusimama.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kaa, usisimame. Hospitali wamesemaje?"

"Wanasema nirudi Jumatatu."

Wakakaa benchi moja. Ndiyo iliyokuwepo. Bi. Mwanaidi akampa Shomari nafasi ya ukutani aegemee.

Alipoitwa alishika Msahafu akaapa kwa sauti iliyosikika vizuri. Wakili wa Shomari, dada mmoja mpole, hakumzungusha.

"Bi. Mwanaidi, mara ya mwisho kumsikia mumeo ilikuwa lini?"

Hakimu akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Wakili Kibwana alikuwa anatazama meza. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu sijui ya kuandikia nini.

"Alinipigia akiwa mpakani," alisema. "Akasema asubuhi wanavuka. Akaniambia nifunike mbegu za mihogo, mvua inakuja."

"Baada ya hapo?"

Akamtazama Shomari, si kwa hasira.

"Baada ya hapo sijamsikia."

"Hata kwa mtu aliyemwona?"

"Hata kwa mtu."

Shomari alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa ameshinda, na alikuwa analia pale kwenye benchi kama mtoto. Nadhani ndiyo mara ya kwanza na yeye kusikia kwa masikio yake kwamba hata mke hajui kitu. Labda miaka yote alikuwa anatumaini kwamba shemeji yake anaficha habari.

Tulipotoka kwenye veranda ya mahakama nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza Bi. Mwanaidi kwa nini hakusema amemsikia. Hakukasirika.

"Mwanangu, ningesema nimemsikia, wangeniuliza alisemaje. Ningelazimika kumtungia maneno. Miaka yote hii nimeyashika yale aliyoyasema mwenyewe, yale ya mbegu. Nikimwongezea mengine ya uongo, kesho nitajuaje yapi yalikuwa yake?"

Nilirudisha kalamu kwenye mkoba.

Hukumu ilisomwa majuma mawili baadaye. Athumani amehesabiwa kuwa amekufa. Wakili Kibwana aliomba nyumba na eneo analolima Bi. Mwanaidi visiguswe kwenye mgawanyo, na kabla hakimu hajajibu Shomari akasema kutoka nyuma kwamba hakuwahi kukusudia kumtoa shemeji yake pale, na kwamba akikosa nguvu za kusema basi watoto wake wote wamesikia. Kwa hiyo nyumba anayo, na mihogo anayo, na sehemu yake ya mikorosho ataipata. Ukimhadithia mtu atasema tumefanya vizuri.

Nje ya mahakama Bi. Mwanaidi alisimama kivulini, akajifunga kanga vizuri, akamuuliza Wakili Kibwana, "Eda nianze kuihesabu lini? Leo? Au tangu miaka ile? Maana kama ni tangu miaka ile, basi nimeshaimaliza bila kujua."

Wakili Kibwana akanigeukia mimi. "Zaituni, tafuta."

Nikarudi tena kwenye vitabu, mama. Mara hii vilikuwa vya fikihi, sheria ya dini, viwili vya Kiswahili na kimoja ambacho ilibidi nisaidiwe Kiarabu chake. Nilipitia walivyohitilafiana wanazuoni juu ya mke wa aliyepotea, muda wa kungoja, na siku ya kuanzia. Safari hii sikuamini mstari hata mmoja mpaka nione ulikotoka. Kisha nikamwendea sheikh wa msikiti wa hapa jirani nikamsomea nilichokipata. Alisema ni sawa. Inaanza tangu siku aliyohukumu hakimu.

Nilimpelekea jibu mwenyewe. Nilishuka basi Fukayosi barabarani, nikachukua bodaboda hadi kwake ndani ndani. Shomari alikuwa ameitisha khitma, na wanaume walikuwa wamekwisha kumswalia asiyekuwepo. Wanawake walijaa chumbani na hakuna aliyejua afanye nini. Mmoja alianza kulia, akakatisha, akaangalia wenzake, kama aliyeingia nyumba isiyo yake. Hakuna kaburi, hakuna nguo iliyoletwa kutoka hospitalini, hakuna mtu wa kusema nilikuwepo alipokata roho. Bi. Mwanaidi alikuwa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe isiyo na nakshi, amevua hereni. Nikakukumbuka wewe ulivyokaa eda ya baba, na mimi nikiwa nimesharudi huku kazini, sikuona hata siku uliyotoka. Nikamwambia alichosema sheikh. Akaitikia kwa kichwa.

"Na akirudi?" aliuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

"Akirudi, hukumu inatenguliwa. Hilo nimelisoma kwenye hukumu zenyewe, zaidi ya moja. Sikulichukua kwa aliyeandika juu yake."

"Ahsante mwanangu."

Nilikaa naye mpaka watu wakaanza kupungua. Nilipotaka kuondoka akanishika mkono, akaingiza kwenye kiganja changu noti iliyokunjwa ndogo na kikaratasi chenye namba ya simu.

"Sitoki humu ndani mpaka eda iishe," alisema. "Huwa nakwenda mwenyewe kununua salio pale barabarani kila mwezi, hata kama simpigii mtu. Usipoweka muda mrefu laini wanaifunga, na namba anayoijua Athumani ni hii tu. Ukifika mjini niwekee. Na mwezi ujao, nikikutumia hela, niwekee tena."

Nimemwekea, mama. Niliweka jioni ile ile, kabla ya kufika chumbani kwangu. Wakili Kibwana ameshafunga jalada la shauri hilo na kulipandisha juu ya kabati, na Jumatatu nitaanza kutafuta jingine, la mpaka wa viwanja. Lakini nikishakula chakula cha jioni ninakaa tu kitandani. Hata kusoma sitaki. Hii ndiyo kazi yangu uliyoniuliza, na sasa unaijua vizuri kuliko kaka.

Nisalimie kaka Ramadhani, mwambie sabuni alizotuma zimefika zote. Bi. Mkubwa, mama yake baba, mbusu mikono kwa niaba yangu. Shangazi Hawa mwambie ndoa ya binti yake nimeisikia na nimefurahi, ila likizo sina. Mdogo wangu Asha, mwambie akifaulu mitihani yake asikimbilie kusomea sheria kwa sababu yangu, afikirie kwanza. Na majirani wa nyumba ya pembeni, waliokuletea uji siku zote zile za msiba, uwape salamu zangu kila mmoja kwa jina lake.

Ukipata mtu wa kukuandikia, au mkono ukiwa mzuri uandike mwenyewe, niambie siku uliyotoka eda ilikuwaje. Nani alikuwepo, na ulikwenda wapi kwanza. Sikuwahi kukuuliza.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao akupendaye,
Zaituni